KHOFU YA MWENYE MALI SOKO LINAPOANGUKA NA BENKI INAPOFUNGWA

Mji wa Kibaigwa umo katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, juu ya njia kuu itokayo Dar es Salaam na Morogoro kwendea Dodoma. Si mji wa bahari wala si mji wa kale, na mtu wa Tanga au wa Mombasa aliyezoea nyumba za mawe na upepo wa kusi hataona la kumpendeza hapo, isipokuwa akifika wakati wa mavuno. Hapo ataona mahindi, magunia juu ya magunia, ya Kongwa yenyewe, ya Kiteto, ya Gairo na ya Mpwapwa. Ataona mizani, madalali, wachukuzi, na magari makubwa yakipakia. Ni soko katika masoko makubwa ya nafaka ya Tanzania, na fedha ya watu wa pwani imo ndani yake, ijapokuwa wenye fedha wengi hawajapata kuuona mji huo kwa macho yao.

Maana desturi ni hii: watu watatu au wanne huchanga mtaji wakampa mwenzao mmoja ajuaye mahindi, naye akapanda gari, akanunua, akaweka ghalani, akauza bei ikipanda, na faida hugawanywa kwa sehemu waliyopatana. Hiyo ndiyo mudharaba iliyoelezwa katika vitabu vya fikihi, ingawa wengi waifanyao hawaiiti kwa jina hilo. Aliyepewa mali ile ni amini. Na ndani yake huenda mna fedha ya mjane, mna fedha ya mayatima, mna akiba ya mzee anayetaka kwenda Hija. Basi bei inapoanguka, au inapokuja khabari kwamba benki yenye fedha ile imefungwa, khofu inayomshika mtu huyu si khofu ya mali yake peke yake, na kosa atakalolifanya katika saa ile litalipwa na watu wasiokuwapo. Kwa sababu hiyo yampasa aijue khofu yenyewe, na ajue ipi ina haki na ipi haina, kabla haijamfikia.

KATIKA BEI YA MAHINDI

Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilikataza mahindi kutoka nje ya nchi. Bei ikaanguka, na msimu ukapita nayo ingali chini. Tena tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na ya Uganda yasiingie kwake, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu inayoota katika nafaka isiyokauka vema. Magari yakasimama Namanga na shehena juu yake. Haikupita juma moja, tarehe 10 Machi, katazo likaondolewa kwa masharti, nalo lilikuwa jambo la siku tano.

Sasa na atazame mwenye akili. Mfanya biashara aliyekumbuka mwaka 2017, akadhani mwaka 2021 ni vivyo hivyo, akauza siku ya tatu kwa bei yo yote aliyopewa, alikhasirika bila sababu. Na yule ambaye mwaka 2017 alijiambia kwamba jambo hili ni la siku chache, akafungia mahindi ghalani, alingoja msimu mzima huku dumuzi akila. Khofu ya wawili hawa ilikuwa moja. Moyo ulipiga kwa namna moja, na usingizi ulipotea kwa namna moja. Khofu haikumwambia hata mmoja wao iko wapi tofauti ya katazo hili na lile. Na tofauti ilikuwapo, wala haikufichwa. Katazo la mwaka 2017 lilikuwa la serikali kuhifadhi chakula cha nchi nzima, na jambo kama hilo halitenguki kwa siku tano. La mwaka 2021 lilikuwa la usafi wa nafaka baina ya nchi mbili zinazohitajiana, na dawa yake ilikuwa karatasi za ukaguzi. Mtu aliyeuliza sababu alikuwa na la kumwongoza. Aliyeuliza bei tu hakuwa na kitu.

Na mahindi yana sifa mbili ambazo mwenye nayo asizisahau. Ya kwanza, huharibika, kwa hiyo subira yake ina mwisho. Ya pili, huliwa, kwa hiyo hayafikii kuwa si kitu kabisa maadamu watu wana matumbo. Hisa za kampuni ni kinyume chake katika yote mawili.

KATIKA HISA

Hisa ni sehemu ya ushirika. Mwenye hisa ya kampuni si mdai wa kampuni ile bali ni mshirika wake. Ikipata hupata, ikikhasirika hukhasirika, wala hapana mtu anayewiwa naye kumrudishia mtaji wake. Jambo hili ni jepesi kulisema, na watu wengi hulisahau siku ya kununua.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa watu, hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5 za Kenya. Watu zaidi ya 800,000 waliomba. Wengine walikopa benki wapate kununua, na walioomba nyingi wakapewa sehemu ndogo tu, kwa kuwa maombi yalizidi hisa mara nyingi. Mwezi wa Juni hisa zikaanza kuuzwa sokoni Nairobi, siku ya kwanza zikapita shilingi 7, na furaha ikawa kubwa. Kisha mwezi wa Septemba mwaka ule ule benki ya Lehman Brothers ya Marekani ikaanguka, masoko ya dunia yakatetemeka, na mwanzo wa mwaka 2009 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 3.

Ni nani aliyeumia? Aliyekopa. Yeye hakuwa na hiari ya kungoja, maana deni lina tarehe yake na hisa haina tarehe. Akauza kwa 3 alichonunua kwa 5, akabaki na deni na riba juu yake. Aliyenunua kwa fedha isiyokuwa na kazi nyingine, akaketi, aliiona hisa ile ile ikipita shilingi 10 ilipofika mwaka 2014, na ikipita 40 mwaka 2021. Kisha ikashuka tena chini ya 20 mwaka 2023.

Walakini asidhani mtu kwamba kuketi ni dawa ya kila anguko. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia soko la Nairobi mwaka 2001, na wakulima na wenye akiba ndogo wakainunua. Ilipoanza kushuka wengi walisema, "Itarudi kama zilivyorudi nyingine." Mwezi wa Septemba 2019 ikatiwa mikononi mwa mwangalizi kwa madeni, na hisa zake zikasimamishwa zisiuzwe. Katika Safaricom bei ilianguka na kampuni ikaendelea kupata faida kila mwaka. Katika Mumias bei ilianguka kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa ikila mtaji wake, na hesabu zake zilizotangazwa zilikuwa zikisema hivyo miaka mingi kabla ya mwisho. Yule aliyekuwa akitazama bei peke yake aliona mashuko mawili yaliyofanana.

KATIKA BENKI

Mambo ya benki yataka kuelezwa kwa urefu, kwa sababu wengi wa watu wa pwani hawana hisa, bali fedha benki wanayo.

Mtu apelekapo fedha yake benki hudhani imewekwa sandukuni kwa jina lake. Haikuwekwa. Benki huchukua fedha ya watu ambayo kila mmoja aweza kuitaka leo, ikaikopesha kwa wengine watakaoirudisha kwa mwaka au miaka kumi, ikabakisha sehemu ya kuwalipa wanaokuja kila siku. Katika Tanzania Benki Kuu hutaka kwamba katika kila shilingi 100 inayoweza kudaiwa upesi, benki iwe na mali isiyopungua 20 ya namna inayogeuka fedha kwa haraka. Zilizobaki zimo katika nyumba, magari, mashamba, na pengine katika mahindi ya Kibaigwa yenyewe. Kwa siku za salama mpango huu hauna taabu. Siku wote watakapokuja pamoja, hapana benki duniani itakayoweza kuwalipa wote kabla ya Adhuhuri, iwe nzuri namna gani.

Hivyo benki hufa kwa maradhi mawili yasiyofanana. Moja ni kukosa fedha mkononi ilhali mali iko. La pili ni kukosa mali yenyewe, yaani mikopo haikulipwa, au fedha imeibwa, na madeni ya benki yamezidi vitu vyake. Katika maradhi ya kwanza khofu ya watu ndiyo inayoua. Katika maradhi ya pili khofu haiui kitu, maana maiti alikwisha kufa. Hufunua sanda tu.

Mifano yake iko karibu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, na za wananchi na wakulima za Njombe, Kagera na Meru. Sababu iliyotangazwa ilikuwa upungufu wa mtaji, nayo ni maradhi ya pili. Ulikuwa ni wakati mzito katika nchi nzima, kwani mwaka 2017 mikopo iliyokuwa hailipwi vema ilipita shilingi 10 katika kila 100 iliyokopeshwa, na Benki Kuu hupenda isizidi 5. Kisha tarehe 2 Agosti 2018 Benki Kuu ikaishika Bank M, kwa kuwa ilishindwa kuwalipa waliokuja kudai, nayo ni maradhi ya kwanza kwa namna yalivyoonekana. Na mwezi wa Januari 2019 amana na mali zake zikahamishiwa Azania Bank.

Katika Kenya, Imperial Bank ilifungwa tarehe 13 Oktoba 2015. Mkurugenzi wake mkuu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na baada ya kufa kwake ikadhihirika kwamba fedha nyingi zilikuwa zimetoka kwa njia za siri. Hakuna mstari wa watu mlangoni uliotangulia jambo hilo. Watu walilala wakiwa na benki, wakaamka hawanayo. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili 2016, wakubwa wawili wa Chase Bank waliondoka katika kazi zao baada ya hesabu za benki kubadilishwa na mikopo waliyopewa watu wa ndani kuonekana ni mikubwa kuliko ilivyosemwa kwanza. Usiku ule khabari zikapita katika simu kutoka mkono kwa mkono, na tarehe 7 milango haikufunguliwa. Benki ikafunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya uangalizi wa benki ya KCB, wenye amana wakaruhusiwa kutoa mpaka shilingi milioni moja za Kenya, na wenye amana ndogo wakapata zote. Waliokuwa na nyingi waliendelea kungoja mpaka mwaka 2018, benki ya SBM ya Mauritius ilipochukua robo tatu ya amana zilizozuiliwa.

Katika Chase Bank mlikuwa na dirisha la Waislamu lililoitwa Chase Iman, na watu wengi wa pwani na wa Nairobi waliweka humo kwa kukimbia riba. Nia yao ilikuwa njema. Lakini dirisha lilikuwa ni dirisha, na nyumba ilikuwa moja. Nyumba ilipofungwa, dirisha likafungwa pamoja nayo. Jina la halali humwondolea mtu riba. Halimwondolei khasara, wala halimlazimishi mwenye benki kuwa mwaminifu. Hili lasemwa kwa sababu wako wanaodhani kwamba wakiisha kuuliza kama benki ina baraza la masheikh hawana tena la kuuliza. Wana la kuuliza: mtaji wake ni kiasi gani, na mikopo isiyolipwa ni mingapi. Benki za Tanzania na za Kenya huwajibika kutangaza hesabu zao kila miezi mitatu, nazo huchapwa magazetini ambamo watu hufungia maandazi.

MASALA YA KHABARI NA YA KUTOA FEDHA

Akiuliza mtu: Imefika khabari katika simu kwamba benki fulani itafungwa kesho. Je, ni makosa kwenda kutoa fedha?

Aambiwe: Kutoa fedha yako ni haki yako, wala hapana anayeweza kukulaumu kwa kutaka chako. Kosa liko katika kuipeleka khabari ile kwa wengine hali hujui asili yake. Katika Sura ya Hujurat Waislamu wameamrishwa kuipeleleza khabari aliyokuja nayo mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Na khabari ya benki ni khabari inayoweza kujitimiza yenyewe kwa kule kusemwa tu. Zamani khabari ilikwenda kwa miguu. Mwezi wa Machi 2023, katika Marekani, wateja wa Silicon Valley Bank walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao bila ya kuinuka vitini, na siku ya pili benki ikafungwa.

Akiuliza tena: Na amini, mwenye fedha ya wengine, afanye nini?

Aambiwe: Wakati wake wa kufanya ni kabla ya khabari, si baada yake. Katika Tanzania iko Bodi ya Bima ya Amana, ambayo benki ikifungwa humlipa kila mwenye amana mpaka kiwango kilichowekwa. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000, na baadaye kikapandishwa hadi 7,500,000. Kinachozidi hungoja mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe, na kungoja huko ni kwa miaka. Sasa zingatia neno moja: kiwango kile ni kwa mtu mmoja katika benki moja, wala si kwa kila shilingi iliyo na mwenyewe. Ichukuliwe mfano ya watu wanne wa Tanga, kila mmoja ametoa shilingi 5,000,000 kwa ajili ya mahindi ya Kibaigwa, na zote 20,000,000 zimewekwa kwa jina la mwenzao anayesafiri. Lau benki yao ingalikuwa katika zile tano za Januari 2018, yule msafiri angalilipwa 1,500,000 kwanza, na wanne wakazitazama. Lau kila mmoja angaliweka fungu lake kwa jina lake mpaka siku ya kununua, wangalipata 6,000,000 baina yao. Na kwa kiwango cha 7,500,000 wangalipata zote 20,000,000 bila ya kungoja mauzo ya mali. Fedha ni ile ile, na benki ni ile ile. Tofauti ni karatasi nne badala ya moja, na nauli ya mtu kwenda benki.

Na amini huyu aandike kwa kila mmoja fungu lake, na tarehe, na mashahidi. Benki ikifungwa kwa jina lake, warithi wa mjane hawana pa kushika ila karatasi ile. Fikihi yasema kwamba mwendesha mudharaba halipi khasara isipokuwa amezembea. Lakini kama kuziweka fedha za watu wanne kwa jina moja, hali alijua kuna njia iliyo salama zaidi, ni uzembe au si uzembe, hilo wanavyuoni wanaweza kuulizwa, na heri waulizwe mapema.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni taabu, na godoro la nyumbani halina wakurugenzi. Ni kweli halina. Lina moto, na mwizi, na mvua ya masika, na kila mwaka bei ya unga ikipanda fedha iliyo chini yake hupungua bila ya kuguswa na mtu. Hata hivyo hawafai kuchekwa, maana wengi wao ni watu walioumia mara moja.

KATIKA DENI LA ZUBEIR

Zubeir bin Awwam, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa mtu ambaye watu walimletea mali awahifadhie. Naye hakukubali kuishika kama amana ya kuhifadhi tu. Alikuwa akiwaambia iwe ni mkopo juu yake, kwa kuchelea isipotee. Maana amana ikipotea bila ya uzembe, mwenye kuwekewa halipi. Mkopo ukipotea, mkopaji hulipa kwa hali yo yote. Kwa hivyo alijitwika khatari yote mwenyewe, akapata na ruhusa ya kuitumia mali ile. Hivyo ndivyo benki nyingi zinavyofanya leo, ingawa ni chache zilizo na khofu yake.

Alipouawa siku ya vita vya Jamal, hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi na nyumba. Mwanawe Abdallah akahesabu madeni, akayakuta ni 2,200,000. Hakim bin Hizam alipomwuliza deni ni kiasi gani, kwanza alilificha akataja 100,000, na Hakim akaona hata hilo ni zito. Ndipo akamwambia hesabu ya kweli. Watu wa namna nyingine wangalikimbilia mlangoni, na ardhi ingaliuzwa kwa bei ya mwenye kukimbia. Wadai hawakukimbia. Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, alikuwa tayari kusamehe, na aliambiwa hapana haja. Akawa tayari kungojeshwa, na hilo nalo likakataliwa. Shamba la Ghaba, ambalo Zubeir alilinunua kwa 170,000, liliuzwa kwa 1,600,000, na Abdallah bin Jaafar akachukua sehemu ya ardhi yenyewe badala ya fedha.

Deni lote likalipwa. Warithi wakamtaka Abdallah awagawie kilichobaki, naye akakataa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba aliye na deni kwa Zubeir aje alipwe. Kila mwaka akasimama akatangaza. Ilipotimia miaka minne, ndipo alipogawa.